Joto la Septemba halileti tetemeko: tutenganishe ya angani na ya ardhini kabla ya kupanda

Ndugu zangu vijana mnaolima kibiashara hapa Simbo na ukanda wote wa ziwa, leo hatuanzi na mbolea wala dawa. Tunaanza na maneno ya kijiweni, kwa sababu maneno hayo yameanza kugusa mifuko yenu.

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Agosti mpaka mvua itakapokaa sawa, nasikia mazungumzo yale yale. Mtu anajipepea na kofia, anasema, "Joto hili si la bure, ardhi inachemka huko chini, lazima itatikisika." Mwingine anadakia kwamba ni volkano ya Goma inatupulizia moto. Wa tatu anafunga mjadala: mvua imefika, kesho twende tukapande mahindi.

Ni maongezi tu, na mimi napenda kukaa kuyasikiliza. Shida inaanza pale mtu anapoyachukua na kuyafanyia uamuzi wa pesa. Nimeona kijana akiahirisha kuhamisha miche ya nyanya kwa wiki mbili "mpaka hali itulie", miche ikarefuka kitaluni ikawa kama kamba. Nimeona na kikundi chenye mkopo kikipanda mbegu yote kwa manyunyu ya siku moja. Mahindi yakachipua, jua likarudi, yakafa. Mkopo haukufa.

Somo la leo kwa kifupi: joto linatoka juu, tetemeko linatoka chini, na hivyo viwili havitumiani taarifa. Ukilielewa hilo utajua kipi cha kuangalia kila siku, na kipi cha kujiandalia mapema halafu ukaendelea na kazi.

1. Kwa nini Septemba na Oktoba tunaungua

Kigoma ipo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka: mara moja mapema Machi, na mara nyingine wiki ya kwanza ya Oktoba. Siku hizo ukisimama karibu saa 7 mchana, kivuli chako kinakaa miguuni.

Sasa utauliza, kama ni mara mbili, mbona Machi hatulalamiki hivi? Jibu lipo shambani kwako. Machi ardhi imelowa, majani yapo, mawingu yapo. Sehemu kubwa ya nguvu ya jua inatumika kugeuza maji kuwa mvuke, na mvuke ukiondoka unaondoka na joto, kama jasho linavyokupoza mwilini. Septemba ardhi imekauka tangu Juni, nyasi zimekufa, na mapori mengi yameshachomwa yamebaki meusi. Hakuna maji ya kugeuza. Nguvu yote ya jua inaingia kwenye udongo, na udongo unaipasha hewa.

Ikifika Oktoba unyevu unaanza kurudi hewani kabla mvua yenyewe haijashuka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho halikauki upesi. Ndiyo lile fukuto ambalo mtu anahisi kama amefunikwa blanketi. Usiku mawingu nayo yanazuia joto la ardhi lisitoke kwenda juu, kwa hiyo hata saa 5 usiku bado unajigeuza kitandani.

Kwa hiyo fukuto ni habari ya msimu. Linakwambia ukanda wa mvua unalifuata jua kuja kusini. Halikwambii mvua itanyesha lini, wala kama itadumu.

2. Joto la ardhini lipo, ila si hili

Wanaosema chini kuna moto hawajakosea kabisa. Ukichimba kwenda chini, joto huongezeka kwa wastani wa nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita moja. Lakini linapanda kuja juu polepole mno. Kwa wastani wa dunia, joto linalotoka ardhini halifiki hata wati 0.1 kwa kila mita moja ya mraba. Jua la saa 6 mchana, anga likiwa jeupe, hushusha karibu wati 1,000 kwenye mita hiyo hiyo. Yaani jua linalizidi joto la chini mara elfu kumi na zaidi.

Ushahidi mzuri tunao hapa nyumbani. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470 na ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Kama ardhi ndiyo ingekuwa inatupikia joto, maji ya chini kabisa yangekuwa ya moto kuliko ya juu. Ni kinyume chake. Huku juu maji huwa kati ya nyuzi 25 na 28 hivi, na kule chini ni kama nyuzi 23. Ziwa linapashwa na jua kutoka juu, sawasawa na shamba lako.

3. Tetemeko linatoka wapi

Ziwa letu limekaa ndani ya Bonde la Ufa, tawi la magharibi. Hapa ardhi ya Afrika inavutwa pande mbili, mashariki na magharibi, taratibu sana, milimita chache kwa mwaka. Miamba haitelezi kila siku. Inakwama, inakusanya mkazo kwa miaka mingi, halafu siku moja inaachia. Kuachia huko ndiko tetemeko. Hiyo nyufa ya miamba ndiyo pia iliyotupa ziwa refu na lenye kina namna hii.

Kina ambako mambo haya hutokea ndicho kinachovunja hoja ya joto. Tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilianzia takriban kilomita 40 chini. Jua la mchana linahangaika na udongo wa juu tu. Ukichimba nusu mita, tofauti ya joto kati ya mchana na usiku karibu huioni. Jua ambalo haliwezi kupasha nusu mita ndani ya siku moja halitafika kilomita 40.

Angalia na miezi:

- Desemba 13, 1910: tetemeko la Rukwa, ukubwa wa 7.4, moja ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika.
- Desemba 5, 2005: ukubwa wa 6.8, chini ya Ziwa Tanganyika hapa hapa. Kalemie, ng'ambo ya Kongo, watu walikufa na nyumba zikaanguka. Wakubwa wenu wa Kigoma wanalikumbuka.
- Julai 2007: mfululizo wa matetemeko kaskazini mwa Tanzania karibu na Ol Doinyo Lengai, wakati wa baridi.
- Februari 3, 2008: eneo la Ziwa Kivu, mpakani mwa Kongo na Rwanda, karibu ukubwa wa 6, asubuhi.
- Septemba 10, 2016: Bukoba, alasiri, watu 19 walifariki.

Kuna Februari, Julai, Septemba na Desemba. Kuna baridi, kiangazi na masika. Tetemeko halina msimu. Ila mtu likimkuta siku ya joto anasema "nilijua tu", na likimkuta siku ya mvua anasahau kuwa hakukuwa na joto. Wazo hili si geni. Aristotle wa Ugiriki, miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba upepo uliofungiwa ardhini ndio unaoitikisa dunia, na watu wakaendelea kuunganisha matetemeko na hali ya hewa kwa karne nyingi.

Mpaka leo hakuna mtaalamu wala chombo kinachoweza kukutajia siku na saa ya tetemeko. Ukiona ujumbe unasema "kesho saa 8 usiku", ufute uende shamba.

4. Na volkano je?

Ufukwe wetu hauna mlima wa volkano. Zilizo hai upande wa kaskazini ni Nyiragongo na Nyamulagira, karibu na Goma, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Nyiragongo ililipuka Januari 1977, Januari 2002 na Mei 22, 2021. Lava yake iliunguza nyumba za watu, lakini moto wake hausafiri hewani mpaka Kigoma. Uji wa mawe unaoka kilichopo jirani, basi.

Tena mlipuko mkubwa sana huleta ubaridi, si joto. Mlima ukirusha gesi ya salfa juu sana, kupita mawingu, gesi hiyo inageuka ukungu mwembamba unaorudisha sehemu ya mwanga wa jua. Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka Juni 1991, dunia ilipoa kwa kama nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili. Tambora ya Indonesia ililipuka 1815, na mwaka 1816 Ulaya na Marekani ya Kaskazini mazao yaliharibiwa na baridi katikati ya kiangazi. Wakulima kule walilia njaa kwa mlima ambao hawakuwahi kuusikia.

Kuna jambo moja la volkano linalomhusu mkulima wa Simbo, nalo ni udongo. Mashamba ya miteremko ya Kilimanjaro, Meru na Rungwe yanakaa juu ya udongo uliotokana na volkano, wenye madini mengi. Wa kwetu haukutokana na majivu hayo. Kwa hiyo ukiona video ya mkulima wa Arusha anavuna matenga na matenga kwa mbolea kidogo, usiinakili hivi hivi. Peleka udongo wako ukapimwe, jaza samadi iliyooza vizuri, ndipo uzungumzie mbolea ya dukani.

5. Anga linalokuhusu kila siku

Hewa tunayovuta ni naitrojeni karibu asilimia 78 na oksijeni 21. Kaboni dioksaidi ni kama asilimia 0.04 tu, lakini hiyo kidogo, pamoja na mvuke wa maji, ndiyo inayoshika joto lisikimbie. Binadamu tunaiongeza kwa kuchoma mafuta, makaa ya mawe na misitu. Volkano zote za dunia kwa mwaka hutoa chini ya asilimia 2 ya tunachotoa sisi. Kwa hiyo ukitafuta kwa nini miaka hii ina joto kuliko ya wazazi wetu, usiende Goma.

Mambo mawili ya anga yakae kichwani:

Kwanza, mwinuko. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu. Usawa wa ziwa letu ni karibu mita 770 juu ya bahari. Mwenzako anayelima juu milimani Buhigwe, mita 700 juu yako, ana nafuu ya nyuzi nne na kitu. Nyanya yake ya Septemba inashika maua ambayo yako inayaangusha. Kalenda yake si kalenda yako.

Pili, upepo. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, hewa inapanda, na upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku unageuka. Ukipulizia dawa saa 8 mchana unapambana na jua linalokausha matone na upepo unaoyapeleka kwa jirani. Pulizia asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, au jioni nyuki wakisharudi mizingani.

6. Cha kufanya na joto

*Piga hesabu ya maji kabla ya hesabu ya miche.* Zao lililofunika ardhi, kwenye jua na upepo wa msimu huu, linaweza kutumia kama milimita 5 za maji kwa siku. Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Ekari ina takriban mita za mraba 4,000. Kwa hiyo ni lita 20,000 kwa siku, ndoo 1,000 za lita 20. Pima kisima au kijito chako kinatoa ngapi. Kikitoa lita 5,000 kwa siku, wewe ni mkulima wa robo ekari mpaka mvua ije, na robo ekari iliyoshiba inalipa kuliko ekari yenye kiu.

*Nyanya.* Mchana ukizidi nyuzi 32 hivi na usiku ukabaki juu ya 21, chavua inadhoofika na maua yanadondoka. Dawa ya dukani haiwezi kupoza usiku. Panga tarehe ya kitalu ili maua yasiangukie kilele cha joto. Kama yameshaangukia hapo, tandaza nyasi kavu shambani, mwagilia asubuhi na kwa kiwango kile kile kila siku. Kumwagilia kwa kurukaruka ndiko kunakoleta ule weusi wa kitako cha tunda.

*Kitalu.* Weka kichanja cha kivuli chepesi cha makuti au nyasi, na ukipunguze kidogo kidogo siku saba hadi kumi kabla ya kuhamisha, miche izoee. Hamisha jioni.

*Broila.* Kuku hatoki jasho, anapoa kwa kuhema. Ondoa chakula saa 5 asubuhi, rudisha jioni. Maji ya baridi yawepo muda wote, na chombo kikae kivulini. Usibananishe. Banda refu lielekee mashariki na magharibi ili jua lisiingie ubavuni.

*Michikichi michanga.* Miche yako ya Tenera iliyopandwa msimu uliopita ifyekee duara na uitandazie matandazo, lakini matandazo yasiguse shina. Na tafadhali, usichome. Moto unamaliza lile funiko ambalo lingepoza ardhi yako.

7. Mvua ya kwanza isikudanganye

Usipande kwa fukuto, usipande kwa radi. Panda kwa udongo. Baada ya mvua chimba na jembe: unyevu ukiwa umefika sentimita 15 hadi 20, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, unaonyesha mvua inaendelea, panda. Ukikuta umelowa sentimita 5 tu, hapo ndipo mbegu yako italala. Itavimba, itachipua, na mzizi ukishuka utakuta vumbi. Kilo 8 hadi 10 za mbegu bora kwa ekari si za kutupa. Kopo lenye pande zilizonyooka, likisimamishwa mahali pa wazi, linatosha kuwa kipimo chako cha mvua. Ingiza rula usome milimita, andika kwenye daftari.

8. Cha kufanya na tetemeko

Kwa kuwa haliji kwa ratiba, maandalizi yake ni ya ujenzi, si ya kalenda. Bukoba ilitufundisha kwamba kuta za matofali zisizofungwa vizuri ndizo zinazoua.

- Simtanki la lita 5,000 likijaa ni tani 5. Kichanja chake kiwe na mbao au vyuma vya mshazari pande zote nne, si nguzo zilizosimama wima tu. Usikiweke jirani na chumba cha kulala wala banda la kuku.
- Ghala na banda la tofali lifungwe linta kuzunguka kuta zote, si juu ya mlango peke yake.
- Magunia yasipangwe kuzidi kichwa cha mtu mahali watu wanapofanyia kazi.
- Mafuta ya mashine ya maji na viuatilifu vikae chini, kwenye rafu yenye ukingo.
- Likianza ukiwa nje, kaa nje. Ondoka chini ya nyaya, tanki, na mchikichi wenye mikungu iliyoiva. Ukiwa ufukweni na mtikisiko ukawa mkali, panda juu mbali na maji.

Hayo ukiyafanya mara moja kwa uangalifu, unaweza kulala. Tetemeko halitakuomba uahirishe kuhamisha miche.

Zoezi la wiki hii

Chagua sehemu mbili shambani, kila moja mita moja kwa mita moja. Moja iache wazi, nyingine ifunike nyasi kavu unene wa kiganja. Mwagilia zote ndoo moja jioni. Kesho yake saa 8 mchana chimba sentimita 5, weka mkono au kipimajoto kote kuwili. Rudia kwa siku tatu, andika. Ukimaliza utakuwa na jibu la kumpa jamaa wa kijiweni anayesema ardhi inachemka kutoka chini: ingekuwa hivyo, kiganja cha nyasi kisingeipoza.

Daftari lako lilete ofisi ya kata, tulisome pamoja na tupange tarehe yako ya kupanda. Kazi njema.